Huyo Anayepiga Magoti Ni Mwanangu

Koku, mwanangu,

Wewe na mama yako mmeshuka Bukoba kununua shuka na ndoo za chuo pale Miembeni, utadhani Morogoro unakokwenda hawauzi ndoo. Nimewaacha mwende kwa sababu nilitaka nyumba iwe tupu. Nikijaribu kusema nawe uso kwa uso utajibu "sawa baba", mimi nitaanza kukohoa, na mwisho tutaongea habari za mvua. Habari za mvua tumeziongea za kutosha tangu ile siku ya wazazi shuleni kwenu.

Mambo ya basi, ya chakula cha njiani, ya kutolala na simu mkononi, mama yako ameshayasema na kesho alfajiri atayarudia mpaka umkasirikie. Mimi siyagusi. Wala sitakuambia usali, unasali kuliko mimi. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja. Siku ile ukumbini nilicheka, na uliniona nikicheka. Tangu hapo hujanitazama vizuri, na kesho unaondoka. Sitaki uondoke ukiwa na kicheko kile kichwani bila kujua kilitoka wapi.

Itanibidi nianzie kwenye magoti, ingawa najua neno hilo likitajwa tu unatoka chumbani.

Aliyekufundisha ni bibi yako, mama yangu. Alisema binti wa Kihaya akimwamkia mkubwa hainami nusu kama mtu anayeokota sindano. Anashuka magoti yote mawili, mikono imekutana, macho chini, ndipo anasema "Shumalamu". Watoto wa majirani walikuwa wameshaacha, wanainua mkono tu wakiwa njiani, wanapita. Wewe ulishika. Bibi akafa, wewe ukaendelea.

Na mimi nilifanya nini? Nilikufanya tangazo. Mgeni akija, hata yule wa kuulizia njia tu, nilikuita utoke jikoni uje uamkie. Ulikuja mikono imejaa utomvu wa ndizi, ukashuka kwenye sakafu ya baridi, mgeni akasema, "Huyu mtoto amelelewa." Mimi nikajifanya sikusikia, huku moyoni nimevimba. Mgeni hakuhitaji salamu ile. Niliyeihitaji ni mimi. Watu wa mikoa mingine wanatutania Wahaya, wanatuita nshomile, watu wa kujisifia kusoma. Mimi shule yangu ilikuwa fupi, sikuwa na cheti cha kujisifia. Nilijisifia mtoto.

Sasa ile picha. Ulikuwa kidato cha tatu hapa Muleba. Ulimpelekea madaftari mwalimu wenu wa Jiografia, mzee wa kijijini kwetu, tuliyekuwa tukisali naye kila Jumapili, wa umri wa babu yako. Ulimkuta amesimama mlangoni mwa ofisi. Ukaweka madaftari chini, ukapiga magoti, ukamwamkia kama ulivyozoea kumwamkia kanisani. Nyuma yako alikuwepo mtu aliyeficha simu kwenye soksi. Kilichoonekana kwenye picha ni mgongo wako, sweta la shule, na mzee amesimama mbele yako, mkono wake umeshuka kukuinua. Chini wakaandika, "Maksi zinavyotafutwa shuleni kwetu."

Mtu akiitazama picha ile bila maneno anaona salamu, haoni kingine. Lakini watu hawakuitazama bila maneno. Ilianza kwenye grupu la wanafunzi, na mchana uleule ikaingia kwenye grupu la wazazi. Mimi nilikuwa naanua kahawa, wingu limekaa vibaya upande wa ziwani, simu inalia bila kupumzika. Nikafungua.

Nilikujua palepale. Nilikujua kwa kiraka cha kiwiko alichokushonea mama yako na kwa jinsi ulivyoshuka, maana shule nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa bado anashuka hivyo. Lakini Koku, niliyekujua ni mimi. Wengine hawakukujua. Walikuwa wanaulizana, huyu wa nani, huyu wa mkondo gani. Ulikuwa mgongo na sweta, na sweta zile wanavaa wote. Wangekisia siku mbili tatu, wakakosa, wakahamia kwenye jambo jingine. Mimi sikuyaona hayo. Niliona mtoto wangu anachafuliwa, na jina langu pamoja naye. Acha niseme ukweli, pengine nililiona jina langu kwanza.

Nikaandika, vidole vina maganda ya kahawa. Maneno yale unayakumbuka kuliko mimi, lakini leo nayaandika kwa kalamu, polepole, ili na mimi yaniume kama yalivyokuuma:

"Huyo anayepiga magoti ni mwanangu Kokushubira, kidato cha tatu B. Anaamkia wakubwa kwa sababu amelelewa. Ninyi ambao mabinti zenu wanaamkia huku wanatafuna bablishi, leteni picha zao na sisi tuone."

Nikaona haitoshi. Nikaitafuta picha yako ya kipaimara, uko na gauni jeupe, unaitazama kamera na kutabasamu, nikaituma chini ya maneno yale. Nilitaka wauone uso wa mtoto mwenye heshima.

Wapo walionisifu. Mmoja aliandika, "Jibu la kiume hilo, Baba Koku." Mwingine akaniwekea vidole gumba mstari mzima. Usiku ule nilikula kwa raha, nikamwongezea mama yako hadithi ya jinsi nilivyowanyamazisha. Asubuhi ulikunywa chai, ukafunga kamba za viatu pale kizingitini, mimi nikikutazama na kujisemea kwamba leo mwanangu atatembea kifua mbele. Sikukuambia neno. Uliingia shuleni ukiwa hujui kwamba shule nzima imeshapata jina lako, darasa lako na sura yako, na aliyewapa ni baba yako.

Hapo ndipo penye mzizi wa uchungu wangu. Yule wa soksi aliiba mgongo wako. Uso niliwapa mimi, bure, tena kwa majivuno.

Kabla jua halijazama walikuwa wameukata uso wa kipaimara wakaubandika kwenye picha ya magoti. Wakatengeneza na stika. Watu wazima, wenye kadi za kanisa, walikuwa wanatumiana stika ya mwanangu kama salamu za asubuhi. Ukaitwa Magoti. Ukipita stendi, "Shikamoo Magoti." Ukienda kuteka maji, Magoti. Siku moja mtoto mdogo wa jirani, yule anayetumwa chumvi, alikuja mlangoni akasema, "Mama anamwomba dada Magoti amsaidie ungo." Hakuwa na ubaya. Alidhani ndilo jina ulilobatizwa. Wewe ukampa ungo, ukaingia ndani, na nilipokufuata nikakuta umefunga mlango.

Nilipoona jambo limekuwa kubwa, nikaufuta ule ujumbe wangu. Nilibonyeza, ukapotea, na picha yako nayo ikapotea, nikashusha pumzi. Nikamwambia mama yako, "Nimemaliza." Sikujua kwamba kuna kufuta kwako na kuna kufuta kwa wote. Nilikuwa nimejifutia mimi peke yangu. Wote walibaki nayo, isipokuwa mimi. Mimi, mjumbe mzima wa kamati ya shule, nilijifunika blanketi usoni nikadhani taa imezimwa nyumba nzima.

Usinielewe vibaya, sijibebeshi yote ili wengine watembee wepesi. Shule ile ina lake. Mlikuwa mnafundishwa TEHAMA, na nilikuwa nakusifia kwa marafiki zangu kwamba unapata alama nzuri. Nilikuja kuuliza baadaye mlifundishwa nini. Mlichora kompyuta. Mlitaja sehemu zake tano. Mlichora kipanya na mkia wake, mkatiwa vema. Kompyuta zenyewe zilikuwa stoo, kwenye maboksi, zimefunikwa turubai, na panya wenye roho walishatafuna nyaya. Katika masomo yote yale hakuna mtu aliyewaambia watoto kwamba picha ikishatoka hairudi, wala kwamba anayeisambaza anaumiza sawa na aliyeanza kuumiza. Hakuna aliyewaambia la kufanya siku zamu ya kuchafuliwa ikiwafikia. Sisi wazazi ndio kabisa. Tulinunua simu kama tunavyonunua panga, bila kuuliza makali yako upande gani.

Na yalipotokea, mkuu wa shule wa wakati ule alifanya nini? Aliwapanga watoto mstarini, akawapekua, akaziweka simu juu ya jiwe akazipondaponda kwa nyundo, akachapa viboko, akasema tatizo limekwisha. Picha ilikuwa imeshafika Biharamulo. Kisha wewe ukaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wewe, si yule wa soksi. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la wazazi, nikamsikia mwalimu mmoja akikuuliza, "Kwa nini ulipiga magoti mahali pa wazi?" Ulinitazama mimi. Nadhani ulitegemea niseme kitu. Mimi niliyeongea kwa wingi kwenye grupu, mle ndani sikuwa na sauti. Wakaamua kwamba kuanzia siku hiyo wanafunzi wataamkia wamesimama. Nikatia sahihi.

Yule mwalimu mzee aliomba uhamisho. Kabla hajaondoka nilimfuata kibanjani kwake, kwenye migomba yake, kumpa pole. Hakunifokea. Alinipa kiti, akanipa kahawa ya kutafuna kama desturi, akaniambia, "Baba Koku, ungeninyamazia tu. Walikuwa hawajui hata mtoto ni nani." Nikatafuna kahawa yake, nikaaga. Sijamwona tena.

Tukakuhamishia mjini, ukakaa Kibeta kwa shangazi yako. Tulisema ni kwa sababu ya masomo. Kila mtu alijua, na wewe ulijua. Mwaka ule wa kwanza nilikuja kukutembelea na mkungu wa ndizi. Shangazi alipotoka nikakuuliza, nikiwa natafuta kufarijiwa, kama bado unawachukia wale watoto. Ukasema, "Wale hawakunijua, baba. Wewe ulinijua. Ungeniuliza kwanza." Ulisema hivyo huku unamenya ndizi, hukuinua hata macho. Nilikasirika, Koku. Nilipanda gari la kurudi Muleba nikinung'unika kwamba mtoto hana shukrani, nimemtetea halafu ananihukumu. Nilikaa na hasira ile muda mrefu, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko aibu.

Huko mjini ukampata Mwalimu Jesca. Mimi sikumpenda mwanzoni. Nilisikia kutoka kwa shangazi yako kwamba kuna mwalimu kijana anawaweka watoto darasani kila Ijumaa baada ya vipindi, hakuna mtihani, hakuna maksi, wanaongea habari za mitandao. Nikasema huyo ndiye atawamaliza. Baadaye nikaja kujua anachowafundisha. Anawaonyesha picha na kuwauliza, nani kaipiga, nani kaandika maneno ya chini, nani ataumia ukiipeleka mbele. Anawafundisha kutunza ushahidi badala ya kujibu, na kumfuata mtu mzima anayejua kusikiliza kabla ya kushika fimbo. Na ana kanuni yake moja ambayo shangazi yako mpaka leo anaitamka jikoni: kabla hujatuma picha ya mtu, muulize mwenye sura. Kitu chepesi hivyo. Kingefundishwa hapa Muleba wakati ule, kwa watoto na kwa wazazi wao, wewe usingehama. Nikifikiria hivyo nashindwa kulala.

Ndipo ikaja siku ya wazazi, mwaka wako wa mwisho. Nilivaa koti. Nilikaa katikati ya ukumbi kati ya watu wa mjini, karibu na bwana mmoja wa tai aliyenukia marashi. Wenzako wakaimba, wengine wakacheza ngoma, kisha Mwalimu Jesca akasema sasa watoto wa Ijumaa wataonyesha kidogo. Ukainuka wewe. Ukashika kipaza sauti ukaamkia ukumbi ukiwa umesimama wima.

Ukasema, "Nitawasimulia kisa cha mzazi mmoja. Binti yake alipigwa picha kwa nyuma, uso hauonekani. Ikaandikwa uongo. Mzazi anajua ni uongo. Wangapi hapa wangeandika kwenye grupu kumtetea mtoto?"

Mikono ikainuka karibu ukumbi wote. Wangu ulibaki mapajani.

"Huyu naye alimtetea," ukasema. "Aliandika jina la binti, darasa, na mkondo. Akaweka na picha ya uso."

Ukumbi ukacheka. Yule bwana wa tai akajipiga pajani, akasema, "Nshomile huyo. Mjinga gani anamnadi mwanawe namna hiyo?" Akanigeukia, kama mtu anavyomgeukia jirani amsaidie kucheka. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, meno yote nje, nikamwambia, "Mjinga kweli." Nilipoinua uso nikakuta unanitazama.

Nilidhani utanyoosha kidole, na ungekuwa na haki. Ukasema, kwa sauti ileile, "Mzazi huyo si mbaya. Hakuna aliyemfundisha." Ukakaa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Baadaye ulinipa soda na sahani ya pilau, ukaniambia "karibu baba", ukaenda kukaa na wenzako.

Koku, sikucheka kwa sababu nilichekeshwa. Nilicheka kwa hofu. Nilihisi nisipocheka, yule bwana ataniangalia vizuri, ataona jasho, atajua kwamba mjinga mwenyewe ndiye huyu aliyekaa ubavuni kwake. Niliogopa kwa muda mfupi tu kile ulichokibeba wewe toka kidato cha tatu, na muda ule mfupi ulitosha kunifanya nikukane mbele ya macho yako. Kisha nikawaza wale watoto waliokuita Magoti. Nadhani wengi wao walicheka vivyo hivyo, kila mmoja akihofu kwamba asipocheka zamu itamgeukia. Mimi nilikuwa nimewaita mashetani. Kumbe tulikuwa wamoja, tofauti ni kwamba mimi nina mvi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Msamaha wa barua ni rahisi mno, mtu anaweza kuukunja akauweka mfukoni. Nilitaka ujue tu kwamba nilijua ulinitazama. Kwa miezi hii yote nimejifanya sikuona. Na jambo la kuniamkia umesimama, endelea hivyo. Mama yako anasema ni kiburi. Nimemwambia aache. Goti ni lako, na nililitumia mpaka nikaliharibu.

Kuna la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja likizo yako.

Unajua Mugisha anaanza kidato cha kwanza Januari, shule ileile. Nimemtazama mdogo wako anavyoishika simu ya mama yako, nikaona sitaweza kumwacha aingie hivihivi. Juzi kulikuwa na kikao cha wazazi. Wewe ulikuwa Kibeta unamuaga shangazi. Waliongelea uzio, wakaongelea uji wa wanafunzi, wakabishana kuhusu kuni. Kwenye mengineyo nikanyoosha mkono. Nikasema nataka shule iwe na darasa kama lile la mjini, Ijumaa, la kuwafundisha watoto kuishi na hizi simu bila kuumizana, na sisi wazazi tukae nyuma tusikilize.

Mkuu mpya akanijibu kwa upole kwamba simu ni marufuku shuleni, sasa watafundishaje kitu kilichopigwa marufuku. Mama mmoja akasema tukiwafundisha tutawafumbua macho. Mwingine akauliza, "Kwani Baba Koku, ni mtoto gani wa hapa aliyewahi kupata shida hiyo?" Koku, aliuliza hivyo. Walikuwa wameshasahau. Waliotumiana stika zako kwa kicheko, wote wale hawakumbuki hata ni mtoto gani.

Nikasimama tena. Nilitaka kusema kwa utaratibu. Nikasema, "Ni mtoto wangu. Na aliyemharibia ni mimi. Yeye alikuwa anamwamkia mzee. Picha ilikuwa haina uso, uso nikauweka mimi, nikitafuta sifa. Siku moja alisimama mbele ya watu akalieleza kosa langu bila kunitaja, na mimi nikacheka na wengine kama simjui." Nililia, Koku. Nimeshika dawati la watoto, nalia mbele ya wanawake na wanaume tuliokua pamoja. Sijawahi kulia hivyo, hata kwa bibi yako.

Mwenyekiti akasema, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Wakarudi kwenye uzio. Walimu wawili walinifuata nje, wakasema watamwomba mkuu awape japo nusu saa ya Ijumaa. Sijui kama atakubali. Mugisha ataingia Januari, na sijui.

Wakati nalia kuna mtu alikuwa anarekodi. Jioni ileile ilikuwa imeshaingia kwenye grupu, na leo ninasikia iko hadi Bukoba. Wameandika chini yake, "Baba Magoti aangua kilio kikaoni." Ndilo jina langu sasa. Sikulijibu neno hata moja. Nilitunza ushahidi kama mnavyofundishwa, nikaipeleka kwa mkuu, nikaizima simu. Vidole vilikuwa vinawasha. Simu yako haina bando, na mama yako amekuwa akikunyima yake toka jana kwa visingizio, na shangazi yako tumemwomba asikutumie. Hatutaweza kukuzuia zaidi ya hapo. Kesho, mahali fulani njiani, utanunua bando, mtandao utarudi, na mtu atakutumia.

Utamwona baba yako analia na watu wanacheka. Utasoma watakayoyaandika. Una damu yangu, vidole vyako vitataka kujibu, utataka kuwaambia huyo ni baba yangu, mnajua nini ninyi, huyo amenilea. Nakuomba usifanye hivyo. Usilitaje jina lako kwa ajili yangu. Ukifika chuoni wenzako wakikuonyesha wakikuuliza kama unamjua mzee huyu, si lazima umjue. Hata ukicheka nao kidogo kwa kuogopa, mimi nitaelewa kuliko mtu yeyote.

Usinitetee, mwanangu. Mara hii mwenye sura ni mimi; niliulizwa pale kikaoni, na nikakubali mwenyewe.

Nakuombea safari njema,

Baba Koku